Nilivyoazima Baba Mwenye Nyumba

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Same, upepo mtupu.

Tangu saa saba mchana bati linapigwa mpaka nimeacha kulisikia. Vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Nikichungulia dirishani naona milima imejifunika wingu zito, maana yake kwetu juu mvua inanyesha na sisi huku chini tumeachiwa upepo. Ndiyo Same hiyo, tumeshaizoea.

Nimekaa sebuleni kwangu, mimi na viti kumi na vinane. Vinne ni vyangu. Vingine vya shule, nitavirudisha Jumatatu. Jikoni kuna sufuria la makande ambalo lingetosha msiba, na mimi nimekula vijiko viwili nikaliacha.

Leo jumuiya imesali nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Na nimeharibu. Nimeharibu mwenyewe, kwa mkono wangu, hakuna wa kumsingizia.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana kichwa changu chenyewe kinahitaji kuelezwa.

Sisi Walutheri wa mtaa huu tuna jumuiya yetu, na kila Jumamosi asubuhi tunasali nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu. Kabla ya wimbo wa kwanza, baba mwenye nyumba anasimama, anawakaribisha wageni, kisha anawatambulisha watu wa nyumba yake. Huyu mke wangu, hawa watoto, huyu shangazi ameshuka kutoka milimani kutibiwa macho. Mzee wa jumuiya anaandika kwenye daftari: Nyumba ya fulani. Watu wa nyumba, kadhaa. Daftari linabaki kwa mwenye zamu, na kesho yake yeye ndiye anayelipeleka kanisani. Kwenye matangazo linasomwa, usharika mzima unasikia.

Kwa miaka tisa nimeandikwa kwenye daftari lile kama mtu wa nyumba ya Baba Elia, kwa sababu nilipanga chumba uani kwake. Mke wa Baba Elia, watoto wanne, na Mwalimu Nakunda. Nilikuwa natajwa baada ya kitindamimba. Nina miaka thelathini na tisa, nafundisha darasa la tatu, nimewafundisha hata hao watoto wanne kusoma, na bado nilikuwa natajwa baada ya kitindamimba.

Mwaka jana nikajenga. Vyumba viwili na sebule, ng'ambo ya reli, bati la bluu. Nimesimama na fundi kwenye jua hili la Same. Nimebeba maji ya zege kwa ndoo kwa sababu wiki ile bomba lilikuwa halitoi hata tone. Nimegombana na watu wa mchanga hadi wakaniita mama mkali. Miezi minne iliyopita nikahamia, nikanunua vikombe dazeni moja vyenye maua mekundu. Kimoja kati ya hivyo maua yake yameanza kufifia. Kumi na moja vilikuwa bado vipya hadi leo asubuhi.

Nilipohamia nilimfuata Mzee Elifuraha, mzee wetu wa jumuiya. Shikamoo mzee, marahaba mwalimu, tukaulizana habari za mvua. Nikamwomba nyumba yangu iingizwe kwenye zamu. Akafurahi kweli, akanishika mkono. Kisha akasema:

"Ni jambo jema sana, mwalimu. Ila tusiwe na haraka. Tuiache kwanza nyumba ipate mwenyewe."

Mzee Elifuraha si mtu mbaya, niseme ukweli wa Mungu. Nilipougua taifodi ndiye aliyekuwa ananiletea uji kwenye chupa, anabisha hodi, anauacha mlangoni, anaondoka ili nisione aibu. Alisema maneno yale kwa upendo mtupu. Na mimi, nikiwa na funguo za nyumba hiyo hiyo mkononi, nikajibu, "Sawa, mzee."

Sawa! Jamani, Nakunda.

Basi Jumatano wiki hii akanipigia simu. Waliokuwa na zamu wamefiwa, wamepanda Usangi mazikoni. Je, naweza kuwapokea Jumamosi? Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Siku ile nilifundisha kujumlisha huku natabasamu, watoto wakawa wananong'onezana mwalimu kapatwa na nini leo.

Furaha ilinishika hadi jioni. Nilikuwa napanga nani akae wapi, chai nichemshe kiasi gani, halafu mkono ukasimama kwenye kabati la vyombo. Nani atasimama kuwakaribisha?

Kwa miaka yote tisa sijawahi kuona mwanamke akisimama. Wapo wajane kwenye jumuiya yetu. Mama Nakiete ni mmoja wao, mumewe amefariki mwaka wa sita huu, lakini daftari linasema Nyumba ya marehemu Baba Nakiete. Zamu yake ikifika tunampigia simu mtoto wake wa kiume aliyeko Dodoma. Simu inawekwa mezani juu ya kitambaa, inafunguliwa sauti, naye anasema kutoka huko huko, "Karibuni sana nyumbani, wazee wangu, jisikieni mpo nyumbani." Na sisi tunaitikia asante, tumeikodolea macho simu. Safari moja mtandao ulikata. Tukakaa kimya watu ishirini tunaisubiri simu ituruhusu kuimba. Tulicheka sana siku hiyo. Nakumbuka Mama Nakiete hakucheka.

Nilifikiri: hata wafu na simu wanatangulia. Mimi nitasimama nikiwa nani?

Na hapa ndipo penye aibu yangu, naiandika ilivyo. Sikuwaogopa wanaume. Sikumwogopa Mzee Elifuraha. Niliogopa ile sehemu ya pili, ya kuwatambulisha watu wa nyumba. Niliwaza nimesimama mbele ya watu, nasema watu wa nyumba hii ni mimi, halafu nakaa. Sekunde tatu hazifiki. Niliwaza kimya kitakachofuata, na jinsi kina mama watakavyoangalia sakafu kwa huruma.

Kwa hiyo nikampigia Zefania.

Zefania ni mdogo wangu, ananifuata. Analima tangawizi huko kwetu juu, ana mke, ana watoto watatu, watu humwita Baba Joshua. Nilianza kwa kuzunguka: hamjambo, watoto hawajambo, tangawizi vipi. Akasema, "Dada, sema shida." Nikasema. Akacheka mpaka nikasikia mkewe anamuuliza kulikoni.

"Kwa hiyo nimeajiriwa?" akaniuliza.

"Njoo na lile koti la harusi yako," nikamwambia. "Na usiniharibie."

Ijumaa jioni akashuka, koti amelikunja kwenye mfuko wa rambo, begani furushi la tangawizi na ndizi kutoka kwa mama. Nilipomwona mlangoni nilifurahi vibaya mno. Tulikula pamoja. Alirekebisha mlango wa choo uliokuwa unalia. Alikoroma chumba cha pili na mimi nikalala vizuri kuliko siku zote za miezi minne hii, kwa sababu tu kulikuwa na mtu anakoroma ndani ya nyumba. Sijui kama haya ni ya kuandika kwenye blogu. Nimeshaandika.

Asubuhi saa moja wakaja, wengi kuliko kawaida. Nadhani wengine walitaka tu kuona nyumba. Bwana Yesu asifiwe, amina, karibuni, karibuni. Zefania nilimweka kwenye kiti kikubwa, kile cha mkono, karibu na dirisha. Koti lilimpendeza. Nikamwona Mzee Elifuraha anavyomwona, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyekuwa na wasiwasi na sasa wasiwasi umekwisha. Akamwendea akamshika mkono kwa mikono miwili.

Kisha ikafika saa ya kukaribisha. Zefania akasimama.

Alisema vizuri, sina la kumlaumu. Sauti yake ni ya baba yetu. Alijitaja kama Baba Joshua, alisema karibuni nyumbani kwetu, alisema tunamshukuru Mungu kwa nafasi hii. Hata mmiliki wa kiwanda asingekaribisha namna ile. Halafu akageuka upande wangu, nimesimama mlangoni mwa jikoni na birika mkononi, akasema:

"Na huyu ni dada yangu, Mwalimu Nakunda. Mnamfahamu. Yeye bado yuko nyumbani."

Bado yuko nyumbani. Kwetu ndivyo tunavyosema kwa msichana ambaye hajaolewa, si tusi, hata mama yangu husema hivyo. Lakini nilisimama kwenye sakafu niliyoimwagia maji siku saba mfululizo ili saruji ishike vizuri, naambiwa bado niko nyumbani kwa watu. Watu wakaitikia asante. Mimi pia nikaitikia. Mzee Elifuraha akainamia daftari, akaandika.

Somo la juma hili, angalia bahati yangu, lilikuwa ndoa na useja. Ni juma la familia, usharika wote unasoma hilo. Tulisoma habari za yule mtume ambaye hakuoa, aliyeona kuwa kukaa bila mwenzi nako ni kipawa, mtu akipewa. Mzee Elifuraha akauliza tumejifunza nini. Baba Elia akasema ndoa ni shule. Mkewe akasema kweli ni shule, na kuna watu hawafaulu mtihani, tukacheka wote. Mwingine akasema useja ni kwa ajili ya masista wa Katoliki, wao wamejipanga. Mwingine akasema kwa sisi wengine ni kipindi cha kusubiri tu, na Mungu hachelewi. Alipofika hapo, macho ya watu wote yakanijia, yakaondoka haraka.

Tulipoombeana, jumuiya nzima ikaniombea mume.

Walinyoosha mikono upande wangu. Mzee Elifuraha aliomba kwa machozi ya kweli kwamba Bwana amkumbuke mjakazi wake, aikamilishe nyumba hii. Nilikuwa nimewaita waibariki nyumba. Walikuwa wanaiombea kwa sababu waliiona ina pengo. Nikiwa nimefumba macho nikajisemea moyoni: kama ni kipawa, mbona kila mwaka mnamwomba Mungu anipokonye?

Sikusema kwa sauti. Nilisema amina.

Na amina ile haikuwa ya uongo. Hilo ndilo linalonichanganya. Mimi si wale wadada wanaoandika mtandaoni kwamba wamekamilika na hawahitaji mtu. Nahitaji mtu. Nataka mtu wa kumwambia kwamba Yusufu wa darasa la tatu leo amesoma ukurasa mzima bila kukwama. Nataka mtu wa kubishana naye kama tufunge dirisha au tuache wazi. Nikisikia watu wanahubiri kwamba Yesu ni mume wa wajane na wasioolewa naitikia kama wengine, lakini Yesu hajawahi kunisaidia kugeuza godoro. Nisamehewe. Namwambia mambo haya Yeye mwenyewe kila siku, kwa hiyo hayatamshangaza.

Alikuwepo mmoja. Miaka kumi na miwili iliyopita. Mtu wa kwetu, mlima mmoja, ila Msabato. Watu wa mbali hawataelewa, ila mtu wa Upareni ataelewa. Yeye Jumamosi hawashi jiko, mimi Jumamosi ndiyo siku ya kufua. Kwao walisema niingie, nibatizwe upya majini. Kwetu walisema aje yeye. Tulibishana siku ya kusali miaka miwili, kwa upole, kwa maandiko, kila mmoja na mistari yake ameipigia mstari. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Mwisho tukachoka. Namwona mara moja moja stendi, ana mtoto mrefu sasa. Tunasalimiana vizuri sana. Mpaka leo sijui kama nilikuwa mwaminifu kwa Mungu au kwa baba yangu, na baba yangu amekufa, siwezi kumuuliza.

Basi. Tukamaliza sala, tukanywa chai. Vikombe vyangu vyote kumi na viwili vilitumika, na vingine nikaazima. Chai ilikuwa ya tangawizi ya Zefania, kali hasa, wazee wanakohoa na kuomba tena. Makande yalisifiwa. Watu walizunguka kuangalia vyumba, wakagonga kuta kwa vidole, wakatazama dari. Nilianza kusahau yale mengine. Kwa nusu saa hivi nyumba hii ilikuwa na kelele na mimi nilikuwa ndani yake, nakimbia na birika, na nilikuwa na raha.

Wakati wa kuagana Mzee Elifuraha akasimama mlangoni, akatazama juu kwenye bati la bluu, akatazama msingi, akampiga Zefania begani.

"Umejenga vizuri, baba."

Nilikuwa nyuma yao, hatua mbili hivi. Nikamtazama mdogo wangu. Alinitazama na yeye, kidogo tu. Kisha akasema, "Asante, mzee."

Mh.

Kina mama walibaki kuosha vyombo, kisha nao wakaondoka mmoja mmoja hadi akabaki Mama Nakiete. Alikuwa anafuta vikombe, anavipanga kifudifudi juu ya kitambaa. Ni mtu wa maneno machache. Nikamshukuru kwa kuja. Akaendelea kufuta.

"Nilikuja kukusikia wewe," akasema.

Sikuelewa. Akasema zamu yake inakuja baada ya majuma matatu. Mtoto wa Dodoma siku hizi hata simu hapokei mapema. Aliposikia kwamba zamu hii ni kwa mwalimu, mwenye nyumba yake, hana mume wala marehemu mume, alifurahi. Akajisemea, mwalimu atasimama. Ngoja nikaone anasimamaje, anaanzaje, anashika nini mkononi. Na mimi nitafanya vile vile.

"Hata nguo hii nimevaa kwa ajili hiyo," akasema, akashika upindo wa gauni lake la kitenge, jipya.

Nilitamani sakafu inimeze. Nikaanza kumwambia kwamba niliogopa, kwamba nina mtu mmoja tu wa kumtambulisha, mimi. Akanisikiliza. Halafu akasema kitu ambacho nimekuwa nacho mchana kutwa. Akasema yeye aliolewa miaka ishirini na saba, na alimpenda yule mtu, nisije nikadanganywa na wanaosema ndoa ni mzigo tu. Hata kikohozi chake anakikumbuka. Lakini kinachomuuma kuliko kaburi, akasema, ni kwamba Jumamosi yake ikifika watu wanaingia, wanaitazama simu, na yeye amesimama pale pale.

Alimaliza kikombe cha mwisho, akakishika akakigeuza. Ni kile changu, kile kilichofifia.

"Hiki ndicho unachonywea," akasema. Akakiweka mwanzo wa mstari, akachukua khanga yake, akaenda.

Nilimgeukia Zefania kwa hasira, nikamuuliza kwa nini aliitikia asante. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha mkono anavua viatu, maskini, viatu vya harusi vinambana. Nilimsindikiza stendi saa sita, tumenuna wote wawili. Gari lilipowasha ndipo alipochungulia dirishani.

"Dada, nilitaka kumwambia si mimi niliyejenga. Ila wewe ndiye uliyeniambia nisikuharibie."

Halafu akaongeza, kwa ile sauti ya baba, kwamba nile vizuri. Gari likaondoka na vumbi lake.

Anasema kweli. Hilo ndilo lililonikalisha hapa tangu saa saba. Nimekuwa nikimlaumu Mzee Elifuraha kimoyomoyo miezi minne, kwamba haoni mwenye nyumba hata akiwa amesimama mbele yake na funguo. Na ilipofika siku yangu nikatafuta mwanamume, nikampa koti, nikamkalisha kwenye kiti kikubwa, nikajiweka mwenyewe jikoni. Mzee wa watu angeona nini zaidi ya nilichomwonyesha?

Daftari liko hapa mezani. Kubwa, jalada gumu, limefungwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Nimelisoma lote. Kurasa na kurasa. Nyumba ya Baba Elia, watu wa nyumba saba. Halafu juma la kuhama kwangu, Nyumba ya Baba Elia, watu wa nyumba sita. Hivyo tu. Hata mahali nilipokwenda hapakuandikwa.

Nyumba ya marehemu Baba Nakiete, watu wa nyumba watatu. Wale watatu nimewahesabu: watoto wawili walioko mbali, na Mama Nakiete.

Na ya leo, kwa mwandiko mzuri wa Mzee Elifuraha, wino bado mweusi: Nyumba ya Baba Joshua. Watu wa nyumba, wawili.

Kesho nitalibeba mimi mwenyewe hadi kanisani, ndiyo zamu yangu. Litasomwa hivyo hivyo. Jumuiya ya ng'ambo ya reli imesali nyumbani kwa Baba Joshua. Nitakuwa nimekaa kwenye benchi nasikiliza. Na likishasomwa limesomwa, zamu yangu nyingine ni mwakani, na mwakani nitalazimika kumshusha tena Zefania na koti lake, mwaka hadi mwaka, hadi mmoja wetu afe. Na Mama Nakiete atapiga simu Dodoma.

Nimewaza kumpigia Mzee Elifuraha. Nimeshika simu mara tatu. Nikamwona moyoni anavyoweza kusema, pole pole, mwalimu, tusiwe na haraka. Na najua nikisikia sauti yake nitasema sawa mzee. Najijua.

Kwa hiyo nimechukua kalamu nyekundu, ya kusahihishia. Ndiyo niliyo nayo, mimi ni mwalimu.

Nimekata mstari mmoja juu ya Baba Joshua. Mmoja tu, mnyoofu, ili yeyote aone kilichokuwepo. Sitaki kuonekana nimeficha. Juu yake nimeandika: Nyumba ya Mwalimu Nakunda. Hilo halikunichukua muda.

Lililonishinda ni lile la pili. Watu wa nyumba. Nimekata wawili, halafu nimekaa. Nimekwenda jikoni nikafunika makande. Nimerudi. Nimekwenda kuangalia kama mlango wa choo bado haulii, haulii. Nimerudi nikakaa. Nimemwambia Mungu kwamba kama anataka kuongeza mtu katika nyumba hii nitafurahi, simfichi, na nitalitafuta daftari hili nisahihishe tena kwa kalamu hii hii. Lakini kesho asubuhi hesabu ni hii iliyopo, na nyumba ni nyumba.

Nimeandika mmoja. Nimeandika kwa herufi, ili asiyeona vizuri asije akasoma saba.

Kisha nikalia, basi. Nimelia sana, na upepo huu ulivyo hakuna aliyesikia.

Sasa nimenawa uso. Nimemtumia Mama Nakiete ujumbe kwamba kesho tuongozane kanisani, nitampitia saa moja na nusu, avae lile gauni. Amejibu kwa neno moja, sawa. Kuna makande hapa ya watu ishirini, nitambebea.

Wakati wa matangazo nitakaa mbele, benchi la tatu, upande wa dirisha. Likisomwa jina la nyumba, wote watageuka kutafuta ni nani huyo, na nataka wasihangaike kunitafuta. Nitasimama.